Daftari la Milango

Kila Jumamosi asubuhi Keren alimfunga mdogo wake Fils viatu, akanywa uji wake wima, kisha wakamfuata mama yao kutoka mtaa wao wa Katuba hadi kiwanjani Kalebuka, pembeni mwa Lubumbashi. Mama Martine alitangulia na kalibu ya matofali kichwani. Fils alifuata, akipiga teke kila kijiwe kilichomkosea. Keren alikuwa wa mwisho, kwa sababu ya daftari. Alilivaa shingoni, ndani ya mfuko wa plastiki wenye kamba, vumbi jekundu lisiliharibu, na mtu aliyevaa daftari shingoni hawezi kwenda mbio. Hivyo ndivyo alivyojieleza. Ukweli ni kwamba alipenda watu walione.

Kiwanja kile kilikuwa cha familia kumi na mbili zilizojiunga katika ushirika wa kujenga nyumba. Ushirika wenyewe waliuita Tushikane. Karibu wote walikuwa wapangaji, na kila mmoja alikuwa na kisa chake cha kufukuzwa. Katikati ya kiwanja kulikuwa na kichuguu kirefu kupita nyumba, na udongo wake ndio waliofyatulia matofali, kwa maana udongo wa mchwa hushikamana vizuri. Matofali hayakuwa tatizo. Tatizo lilikuwa msingi. Mwaka uliopita walijenga nyumba ya kwanza, ya Mama Agnès, palepale walipokuwa wamechimba nusu ya kichuguu. Mvua zilipokuja, ukuta ulipasuka kuanzia dirishani hadi chini, ufa wa kupitisha mkono.

"Kazi tunajua," alisema Papa Constantin, mwenyekiti wao, mzee aliyestaafu kazi ya reli. "Lakini hatujue ni nani wa kuuliza. Mu hii muji hatuwezi kukosa bantu ya kusaidia bushirika kama yetu. Tupige milango."

Basi wakaanza kupiga milango, na kila mlango ukaandikwa katika daftari: komini, yaani ofisi ya serikali ya mtaa, ofisi ya maendeleo ya parokia, wanafunzi wa usanifu wa majengo, chama cha mafundi. Keren, mwenye miaka kumi na miwili, ndiye aliyepewa kuliandika, kwa kuwa alijua kusoma na hakuwa na haya ya kuuliza. Angeweza kumsimamisha karani mwenye haraka katikati ya ua na kumuuliza swali, na karani akajikuta amejibu. Parokia iliwapa mikokoteni miwili ya kubebea udongo baada ya Keren kuuliza tu kwa nini ilikuwa imelala uani.

Kulikuwa na kanuni moja ambayo Papa Constantin hakuichezea: mlango haupigwi na mtu mmoja. Zamani mwanachama mmoja alikwenda komini peke yake, akarudi na habari nusu, na kwa habari ile nusu watu waligombana mwezi mzima. Tangu siku hiyo walikwenda wawili wawili, mmoja aseme, mwingine asikie.

Mambo yalikuwa mazuri hadi Agosti, Léa alipokuja.

Léa alikuwa na miaka kumi na mitatu. Familia yake ilikuwa na asili ya Kasai. Walikuwa wamehamia Lubumbashi kutoka Likasi, na baba yake, Papa Clément, aliuza vitabu vya shule. Walijiunga na Tushikane kuchukua nafasi ya familia iliyojitoa. Siku ya kwanza kiwanjani Léa alikuja na soksi nyeupe, na jioni zilikuwa bado nyeupe. Keren hakuelewa jambo hilo linawezekanaje Kalebuka, na alimchukia kidogo kwa ajili yake.

Jumapili ya pili, katika mkutano wa ushirika, Papa Constantin alimwomba Léa anakili ukurasa mmoja wa daftari, kwa sababu mwandiko wa Keren ulikuwa umelala na wazee walishindwa kuusoma. Léa alichukua rula. Alipiga mistari, akagawa ukurasa: jina la ofisi, wanachosaidia, wanachotaka, wa kumwona, siku wanayofungua. Keren hakuwahi kuandika siku za kufungua. Mara mbili watu walikuwa wamekwenda na kukuta mlango umefungwa.

Papa Constantin aliuinua ukurasa ule juu. "Angalieni. Muntu akifungua, anaona yote. Kuanzia leo Léa njo atashika daftari. Keren ataendelea kusema, Léa ataandika. Ni muzuri hivyo."

Wote wakapiga makofi. Keren naye alipiga, kwa sababu mikono yake ilikuwa hapo na watu walikuwa wanatazama. Alivua kamba shingoni akampa Léa mfuko, na shingo yake ikabaki nyepesi kwa namna ambayo hakuipenda hata kidogo.

Tangu siku hiyo Keren alikuwa na wivu, wala tusitafute jina jingine. Aliamka nao na kulala nao. Alianza kuhesabu mara ambazo mama yake alitaja jina la Léa. Siku ya kwanza zilikuwa tatu. Siku ya pili, tano. Siku ya tatu aliacha kuhesabu maana vidole vilikwisha. "Léa anasalimiaka bantu muzuri." "Léa ameshamaliza masomo yake." "Léa angekuwa ameshafua." Keren alifua huku amenuna, na nguo zikatoka na mikunjo ya hasira. Shuleni, Léa alipokaa karibu naye wakati wa mapumziko, Keren alikumbuka ghafla kwamba ana kiu. Alikunywa maji mengi sana mwezi ule.

Wakati huohuo mambo ya nyumbani yalikuwa yakiharibika. Mwenye nyumba alimwambia Mama Martine kwamba anataka watoto wake mwenyewe wakae katika chumba walichopanga, hivyo wahame kabla ya mvua kushika, na mvua ilikuwa inanukia. Mama Martine alijaribu kupata chumba kingine Katuba, akakosa. "Tukishindwa kusimamisha nyumba," alimwambia Keren, "weye na Fils mutaenda kwa shangazi yenu, Kasumbalesa. Miye nitabaki huku na kazi." Keren hakutaka kwenda Kasumbalesa. Shangazi alikuwa na watoto saba na sauti kubwa, na Kasumbalesa hakukuwa na mama.

Jumatano moja mwishoni mwa Septemba, Keren alitumwa kwenye mashine ya kusaga mahindi. Foleni ilikuwa ndefu. Mbele yake alisimama mama mmoja wa makamo aliyevaa shati lenye picha ya nyumba ndogo ndani ya viganja viwili. Watu wote waliitazama picha ile. Keren peke yake ndiye aliyeuliza.

"Samahani, mama. Ile nyumba ya ku shimizi yako, ni ya nini?"

Mama yule aligeuka, akatabasamu. Alisema anaitwa Madame Constance, na kwamba anafanya kazi katika shirika linalosaidia vyama vya watu wanaojijengea nyumba. Linawatafutia fundi wa kuwafundisha kuchimba msingi na kupima ukuta. Linawaonyesha njia ya karatasi za ardhi, ofisi kwa ofisi. Kila msimu linaazima pia mashine ya kushindilia matofali, inayofanya kwa siku moja kazi ya wiki nzima.

Keren alisahau unga. "Siye tuko bushirika," alisema. "Familia kumi na mbili. Nyumba moja ilipasuka."

"Ilipasuka juu ya kujenga ku kichuguu?"

"Umejuaje, mama?"

"Bantu bote banafanyaka hivyo." Madame Constance alitoa kalamu, akaandika kwenye kipande cha karatasi mahali ofisi ilipo, mtaa wa Kamalondo. "Sikia, mutoto. Tunafunga kupokea bushirika ya huu musimu Ijumaa, saa tisa. Kisha fundi anaenda Mitwaba. Mulete vitu vitatu: majina ya familia na hesabu ya bantu, kopi ya karatasi ya kiwanja, na milango yote yenye mulishapiga, na vile balijibu. Tunapenda kusaidia bantu benye kutembea bao benyewe. Na mukuye bawili. Muntu moja anaweza kusema ni bushirika, kumbe ni yeye tu."

Keren alirudi nyumbani mbio na unga kichwani. Alikuwa amepata mlango mkubwa kuliko yote. Aliona tayari uso wa Papa Constantin. Halafu, kona ya mwisho kabla ya nyumbani, akaona kitu kingine: Léa akifungua daftari, akichukua rula, akiuandika mlango ule kwa mwandiko wake uliosimama wima, na Papa Constantin akiuinua ukurasa juu. "Angalieni."

Keren alisimama. Alikunja kipande cha karatasi mara nne, akakitia ndani ya jalada la daftari lake la hesabu. Angekwenda mwenyewe. Jumapili angesimama mbele ya wote na kusema, "Fundi anakuja," na hapo wangejua ni nani.

Alhamisi, wakati wa mapumziko, Léa alimfuata hadi bombani. "Keren, uko na mulango mupya? Papa Constantin ananiuliza."

"Hapana."

"Hata moja?"

"Nilisema hapana." Kisha Keren akakumbuka kopi ya karatasi ya kiwanja, ambayo ilikaa ndani ya daftari. Akalainisha sauti. "Niazime ile daftari siku moja."

"Ya kufanya nini? Nikuye na weye?"

Léa aliuliza kwa wema, na wema ule ndio uliomkera Keren zaidi. "Acha," alisema, "sina kazi nayo tena." Akanywa maji ambayo hakuyahitaji.

Alasiri ile alimkuta mama yake ameinama juu ya sanduku, akifunga sufuria kwa magazeti. Simu ilikuwa imebanwa kati ya sikio na bega. "Batakuja batoto kwanza," mama yake alikuwa akisema. "Ndiyo, shangazi yabo, nakuomba tu mpaka mvua zikwishe." Fils alikuwa amekaa sakafuni, anashangilia safari asiyoijua. Keren alifungua mdomo. Neno lilikuwa pale, lilihitaji pumzi moja tu. Akaufunga. Alijiambia kwamba kesho si mbali, na kwamba furaha itakuwa kubwa zaidi ikija kwa ghafla. Kikulacho ki nguoni mwako, na cha Keren kilikuwa ndani ya daftari la hesabu.

Ijumaa, baada ya masomo, Keren alikwenda Kamalondo peke yake. Usiku uliotangulia alikuwa ameandika kwa kumbukumbu majina ya familia kwenye karatasi ya shule. Kuhusu kopi ya kiwanja na mtu wa pili, alitegemea mdomo wake. Mdomo wake ulikuwa umefungua milango mingi.

Madame Constance alimpokea vizuri, akamkalisha kwenye kiti, akasoma orodha yake. "Na kopi ya kiwanja?"

"Iko ku nyumba, mama."

"Ku komini mulionana na nani?"

"Na... mubaba moja wa miwani."

"Siku gani? Alisema nini juu ya mipaka?"

Keren alikumbuka miwani. Alikumbuka hata kalenda ya ukutani na paka chini ya meza. Mipaka hakuikumbuka. Siku ile ni Léa aliyeandika. Kila swali lililofuata lilikuwa na jibu, na kila jibu lilikuwa katika daftari lenye mistari iliyonyooka.

"Bon," alisema Madame Constance. "Mwenzako eko wapi?"

"Niko peke yangu."

Madame Constance alimrudishia karatasi yake taratibu. "Basi siwezi kuandika bushirika yenu. Siyo juu uko mutoto. Ni juu sijue bado kama kuko bushirika." Alitazama saa ya ukutani. "Ni saa nane kasoro robo. Nafunga saa tisa."

Nje, jua la Septemba lilichoma. Keren alisimama kando ya barabara na karatasi yake isiyofaa kitu, akawaza. Angeweza kurudi nyumbani na asiseme chochote. Hakuna aliyejua. Mlango ungefungwa saa tisa, kimya, na yeye asingelaumiwa na mtu yeyote. Kisha akaliona sanduku la sufuria, na Fils akishangilia. Akaanza kukimbia. Kwa kuwa hakuwa na daftari shingoni, alikimbia vizuri.

Alimkuta Léa uani kwao, ameinamia beseni. Alikuwa anafua soksi. Alizisugua kwa sabuni na kijiti, kidole kwa kidole, na kwenye kamba hapakuwa na soksi nyingine. Zilikuwa pea moja tu, zile zile, za kila siku. Keren alipata haya, akatazama pembeni.

"Lete daftari, twende Kamalondo," alisema akihema. "Kuko mulango. Banafunga saa tisa."

"Mulango gani? Ulisikia saa ngapi?"

Njiani Keren alikuwa ameandaa jibu. Angesema amekutana na yule mama leo hii, sasa hivi, kwa bahati. Lilikuwa jibu zuri, lisilo na tundu. Lakini Léa alimtazama huku sabuni ikimdondoka viganjani, akingoja, na Keren akashindwa.

"Jumatano," alisema. "Nilificha. Sikutaka uandike weye."

Léa hakupiga kelele. Ingekuwa nafuu kama angepiga. "Jana nilikuuliza," alisema. "Ulinidanganya, ulisema bongo mbele ya macho yangu. Na mama yako anafunga sanduku. Bantu bote ba ku mutaa banajua mama yako anafunga sanduku." Alikung'uta mikono yake. "Papa Constantin anasemaka uko na mudomo ya kufungua milango. Miye sina. Nikiuliza muntu, sauti inapotea. Kila siku nilikuwa natamani ile mudomo yako, na weye unaitumia hivi."

Aliingia ndani, akatoka na daftari, akatangulia njiani bila kumngoja, miguu mitupu ndani ya viatu. Njia nzima hadi Kamalondo Léa hakugeuka nyuma. Keren alitembea nyuma yake. Alijua sasa kwamba yule aliyemwonea wivu karibu miezi miwili naye alikuwa akimwonea yeye. Hakujua alifanyie nini jambo hilo.

Walifika saa tisa kasoro dakika kumi. Madame Constance alikuwa anapanga mafaili kwenye kasha. Léa aliweka daftari mezani. Madame Constance alilifungua, akasoma ukurasa, akageuza, akasoma mwingine. Kulikuwa na safu moja ambayo Keren hakuwahi kuiona, kwa sababu tangu anyang'anywe daftari hakutaka hata kulitupia jicho. Juu yake paliandikwa: Aliyeuliza. Na chini yake, ukurasa kwa ukurasa, kwa mwandiko uliosimama wima: Keren. Keren. Keren na Papa Constantin. Keren.

"Keren ni nani?"

"Ni miye, mama," alisema Keren, na sauti yake ikapotea kama ile ya Léa.

"Elezea."

Basi akaeleza. Alieleza habari za mikokoteni, za karani wa miwani, za wanafunzi waliosema warudi Januari. Aliposahau tarehe, Léa aliinyooshea kidole. Léa alipoulizwa swali na ulimi ukagoma, Keren alilijibu. Madame Constance alipiga simu kwa Papa Constantin, kwa namba iliyoandikwa ndani ya jalada, wakazungumza kwa muda. Alipokata simu, alimgeukia Keren.

"Anasema hajue kitu. Nilikupa karatasi tangu Jumatano. Juu ya nini hawakujua?"

"Niliificha," alisema Keren. "Juu ya wivu."

Madame Constance alifunga daftari, akaweka kiganja juu yake. "Fundi atakuja kwenu, siku mbili kila wiki. Na juu ya karatasi za kiwanja, tutatembea na ninyi. Lakini mashine imekwenda. Bushirika ingine, ya ku njia ya Kinsevere, ilifika leo asubuhi, na kila kitu mukononi. Mungekuya jana, ingekuwa yenu."

Jumapili Keren alisimama mbele ya familia kumi na mbili, kama alivyokuwa ametamani, akasema, "Fundi anakuja." Kisha akasema yaliyobaki, pamoja na mashine. Mama Martine alitazama chini tangu mwanzo hadi mwisho. Papa Constantin hakumkemea. Alisema tu kwamba matofali ambayo mashine ingeyafanya yatafanywa kwa mikono, na kwamba anadhani Keren anayo mikono miwili.

Alikuwa nayo, na mwezi wa Oktoba aliijua vizuri. Kila siku baada ya masomo alikanyaga udongo, akajaza kalibu, akageuza, akarudia. Fundi alikuja kama alivyoahidiwa, mtu mwembamba wa maneno machache. Aliwahamisha mbali na kichuguu, akawachimbisha hadi udongo mgumu, akawabomolea kazi yao mara mbili kwa sababu haikunyooka. Léa aliandika vipimo. Siku za kwanza alimjibu Keren kwa ndiyo na hapana tu. Wiki ya tatu, Keren alipoteleza akakaa mzima mzima ndani ya udongo, Léa alicheka hadi akashika tumbo, na baada ya hapo wakaanza kusemezana.

Nyumba ilipata bati juma lile mvua iliposhika. Kwa mashine zingesimama mbili. Kwa mikono ilisimama moja. Ushirika uliamua aingie Mama Martine na watoto wake, kwa kuwa wao ndio waliokuwa wanafukuzwa. Ya pili, iliyopangwa kuwa ya Mama Agnès badala ya ile iliyopasuka, ingengoja msimu mwingine.

Mvua kubwa ya kwanza ilinyesha Jumamosi mchana. Sanduku la sufuria lilikuwa limefunguliwa, Fils amelala, na ukuta mpya ulikuwa mkavu. Ilipopungua, Keren alichukua sahani ya ugali wa bukari na mboga ya sombe, akaifunika, akaenda nyumba ya jirani. Léa alikuwa amekuja kusalimia, akafuatana naye.

Mama Agnès alikuwa mjane mwenye mikono mikubwa na ulimi wa utani. Alikuwa amesukuma kitanda chake hadi katikati ya chumba. Maji yaliingia kwenye ufa, yakateremka ukutani, yakaishia katika beseni.

"Karibuni," alisema. "Miye niko na bomba ndani ya nyumba, kama matajiri."

Léa alicheka. Keren hakuweza. Aliweka sahani mezani, akasimama akiutazama ule ufa. "Mama Agnès, ni miye," alisema. "Saa hii ungekuwa mu nyumba mupya."

"Najua." Mama Agnès alinawa mikono, akakaa, akamega tonge. Alikula kwanza, maana chakula hakina kosa. "Unajua fundi aliniambia nini? Anasema ufa haikuanza ku dirisha. Ilianza chini, mu msingi, kwenye bantu habawezi kuona. Siku nyingi ilikuwa pale, kidogo kama uzi. Miye nilipaka rangi juu yake. Nikasema ni kitu kidogo." Alimtazama Keren. "Na yako ilianza siku gani?"

Keren alifikiri. "Siku ya makofi," alisema.

"Voilà. Siku ile ungemwambia mama yako, ao Papa Constantin, 'Moyo inaniuma juu ya Léa,' tungekucheka kidogo, kisha ingekwisha. Lakini uliificha. Wivu ni ya bantu bote, mutoto wangu. Hata miye nilikuwa nayo leo, wakati nilisikia mvua ku bati yenu. Ni kuificha njo kubaya. Ukificha wivu, utaficha na vitu vingine, na mulango yenye kufichwa mufukoni haifunguliake muntu, hata weye mwenyewe. Bakubwa balisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Miye nitajenga ukuta. Weye ulikimbia saa nane mu jua, ukaziba. Ulichelewa, lakini uliziba."

Alisogeza sahani katikati ya meza, akawaonyesha viti. Walikula wote watatu, beseni likijaa taratibu pembeni yao. Walipomaliza, Keren alilibeba beseni hadi nje, akalimwaga, akalirudisha mahali pake chini ya ufa. Kisha akamgeukia Léa.

"Wale wanafunzi wa usanifu walisema turudi Januari," alisema. "Iko siku gani ya kufungua?"

Léa alivua kamba shingoni, akafungua daftari, akatafuta kwa kidole. "Jumanne na Alhamisi."

"Andika: mulango ya kwanza ya Januari, juu ya ukuta ya Mama Agnès. Tutaenda bawili."

Léa alipiga mstari kwa rula, akaandika. Alipofika kwenye safu ya Aliyeuliza, alimpa Keren kalamu. Keren aliandika majina yao yote mawili, kwa mwandiko wake uliolala, akijitahidi sana kuusimamisha.